Old Wellington: baa iliyopandishwa kwa jeki, kisha ikahamishwa

Katikati ya Manchester, hatua chache kutoka Kanisa Kuu la jiji, ipo baa inayoitwa Old Wellington. Wengi wetu Manchester tunaijua kwa mpira tu, kwa hiyo nianze na mambo ya msingi. Ni jengo la mbao la orofa tatu, mbao nyeusi na kuta nyeupe, lililojengwa mwaka 1552, yaani miaka 12 kabla Shakespeare hajazaliwa. Linalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria ya Uingereza. Na halipo pale lilipojengwa.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta maneno. Baa ilifunguliwa tena mwaka 1999 baada ya kufumuliwa kipande kwa kipande na kusimamishwa upya karibu mita 300 upande wa kaskazini. Tangu hapo wapo wanaoitazama kama mtu anavyoigeuzageuza noti anayoishuku dukani. Eti ni pambo. Eti ni nyumba ya maonyesho. Jengo likishang'olewa kwenye udongo wake, wanasema, kinachobaki ni mbao tu na bia.

Ukurasa huu ni wa vitabu, na najua kuna atakayeuliza baa inatafuta nini hapa. Lakini swali lenyewe ni la kwetu sisi wasomaji: andiko likitolewa mahali lilipozaliwa, linabaki kuwa lilelile? Tunaliuliza juu ya tenzi zilizonakiliwa mara kumi na tafsiri zilizovuka bahari. Basi nimeamua kuisoma Old Wellington kama ninavyosoma andiko, na nimeona kwamba lawama zimepelekwa kwa mtu asiyehusika. Mwaka 1999 haukuipotezea nyumba hii mahali pake. Mahali palikuwa pameshaondoka zamani, nyumba ikiwa bado imesimama hapohapo.

Kwanza tuondoe uongo mdogo. Ukisikia "baa ya mwaka 1552" unaona walevi wa enzi za akina Tudor wakigonganisha vikombe vya bati. Hakuna. Mwaka 1554 familia ya Byrom ilinunua sehemu ya jengo na kuifanya duka la vitambaa, na baadaye wakaishi humo pia. Orofa ya tatu iliongezwa karne ya 17. Leseni ya kuuza pombe ilikuja mwaka 1830, mwaka uleule ambao Bunge lilipitisha sheria ya kurahisisha uuzaji wa bia nchi nzima, na jina la kwanza halikuwa Wellington hata kidogo. Iliitwa Vintners Arms, halafu Kenyon Vaults. Ilipofika mwaka 1865 chini ndipo palipokuwa Wellington Inn, na juu walikaa mafundi wa vyombo vya hesabu na vya lenzi. Kwa hesabu ya haraka, nyumba hii ilikaa karibu miaka 280 bila kuwa baa. (Na huyo Wellington mwenyewe, jemadari wa Waterloo, alizomewa Manchester mwaka 1830 alipokuja kuzindua reli ya kutoka Liverpool. Jiji likamsamehe baadaye, au lilisahau. Baa haziweki kinyongo.)

Nayasema haya si kwa kuikomoa. Nayasema kwa sababu anayedai "asili" lazima aseme ni asili ipi. Ya muuza vitambaa? Ya fundi wa lenzi? Ya mnywaji wa karne ya 19?

Sasa tuje kwenye mbao, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Nyumba ya aina hii haisimami kwa kuta. Inasimama kwa kiunzi, mifupa ya mti wa mwaloni, na ukuta ni nyama ya kujazia tu. Mtu aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikijengwa ataelewa upesi: nguzo, fito, kisha kukandika. Waingereza nao walisuka fito katikati ya nguzo, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, wakapaka chokaa juu. Tofauti kubwa iko kwenye useremala wa mifupa. Mwaloni ulikatwa na kuchongwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kama chuma na unaharibu patasi. Kila kiungo ni ulimi uliochongwa kwenye mwisho wa mti mmoja, ukaingizwa kwenye tundu la mti mwingine, kisha msumari wa mbao ukapigwa kupita pande zote mbili. Chuma hakihitajiki. Mti ukiendelea kukauka ndani ya nyumba, mwaka baada ya mwaka, unajikunja na kujipinda, na viungo vinazidi kubanana. Ndiyo maana nyumba hizi zina mabega yaliyopinda na bado haziangoki. Wanaopenda mistari iliyonyooka huona ule upindo ni uzee. Mimi naona ni kiunzi kilichokuwa kikijikaza pole pole.

Tena nguzo zenyewe mara nyingi zilisimamishwa kichwa chini, upande wa mzizi ukiwa juu, kwa sababu ule upande ni mnene na pale juu ndipo boriti kadhaa hukutana na kuhitaji nyama ya kutosha kwa viungo. Mti umepinduliwa, lakini nyumba imesimama wima.

Halafu kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, linamaliza nusu ya ubishi. Seremala wa wakati ule hakujenga kiunzi mahali nyumba itakapokaa. Alikitengeneza kwenye uwanja wake wa kazi. Alilaza upande mmoja wa nyumba chini, akalinganisha kila mti na mwenzake, akatoboa, akachonga, akajaribisha. Vikishakubaliana, alichora alama kwa patasi kwenye kila kiungo: mstari mmoja, miwili, mitatu, namba za Kirumi, kwa kuwa mistari iliyonyooka ndiyo rahisi kwa patasi. Nne aliiandika mara nyingi kwa mistari minne, maana kipande cha mti kinaweza kusomwa kutoka upande wowote na hakuna aliyetaka kuchanganya tisa na kumi na moja akiwa juu ya ngazi. Baada ya hapo akakifumua chote, akakipakia kwenye mikokoteni, akaenda kukisimamisha kwenye kiwanja. Mti namba tatu unaoana na tundu namba tatu, na hauoani na jingine lolote.

Yaani kila nyumba ya kiunzi iliwahi kufumuliwa na kuhamishwa kabla haijawa nyumba. Kuhama kumo ndani ya sarufi yake. Zile alama za patasi ni maelekezo ya kusoma: anza hapa, kisha hapa, ulimi huu kwenye tundu lile. Anayekifumua kiunzi karne nne na nusu baadaye na kukisimamisha kwingine anafuata njia ileile aliyoipita seremala wa kwanza, kutoka mwisho kurudi mwanzo, kisha tena kutoka mwanzo kwenda mwisho. Jengo la zege huwezi kulifanyia hivyo. Zege ukilifumua ni kifusi.

Naam, tuje kwenye historia ya mahali.

Old Wellington ilikuwa kando ya soko la kale la Manchester, katika eneo la mabucha. Jina la Shambles linatokana na meza za wauza nyama. Nyumba za namna hii zilijengwa zikisukumana mabega. Orofa za juu zilitokeza mbele kuliko ya chini, zikaning'inia juu ya njia, na sababu zake zilikuwa za kibiashara kabisa: kiwanja ni kidogo na ghali, hewa iliyo juu ya barabara ni ya bure, na mteja anayepapasa kitambaa hapo chini hanyeshewi. Ule utokezo ni sentensi inayohitaji njia nyembamba na jirani wa ng'ambo ili ilete maana.

Desemba 1940 ndege za Ujerumani zililipua Manchester kwa usiku mbili, na sehemu kubwa ya eneo la soko ikateketea. Nyumba ya mbao, ambayo mtu angedhani itawaka ya kwanza, ikabaki. Majirani wakaondoka. Kisha miaka ya 1970 wapangaji wa jiji wakaamua kujenga upya eneo lote kwa zege: maduka, maegesho, njia za juu za kutembelea. Shida ilikuwa kwamba ardhi mpya ya mradi ilikuwa juu kuliko ardhi ya zamani. Ufumbuzi wao ulikuwa wa kijasiri na wa kichekesho kwa wakati mmoja. Walilishika jengo kwa chini, wakalimwagia msingi wa zege kama sinia, wakalinyanyua kwa jeki karibu mita moja na nusu, pamoja na jirani yake wa matofali, Sinclair's Oyster Bar wa karne ya 18. Halafu wakaujenga uwanja wa zege kuyazunguka majengo hayo mawili.

Ebu litazame hilo. Kwenye ramani, nyumba haikusogea hata hatua moja. Mtetezi wa "mahali pa asili" angeridhika. Lakini miguu yake haikugusa tena udongo wa 1552, soko halikuwepo, mabucha hayakuwepo, njia nyembamba haikuwepo, na pande zote kulikuwa na zege ambalo halikuwa na lolote la kuzungumza nayo. Kama ni kung'olewa, iling'olewa hapo. Ilifunguliwa tena mwaka 1981, mzee wa watu akiwa amekaa kwenye sebule ya wageni wasiomjua.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1996 jeshi la IRA lililipua lori katika mtaa wa Corporation, karibu sana na hapo. Bomu lilikuwa la takriban kilo 1,500, kubwa kuliko yote yaliyolipuka Uingereza tangu Vita Kuu ya Pili. Onyo lilitolewa kwa simu, polisi wakahamisha maelfu ya watu, na hakuna aliyekufa. Waliojeruhiwa walizidi 200. (Ilikuwa katikati ya Euro 96. Kesho yake Ujerumani na Urusi walicheza Old Trafford kama ilivyopangwa.) Vioo vilipasuka mitaa mingi, majengo makubwa ya maduka yakaharibika kiasi cha kubomolewa. Old Wellington iliumia lakini haikuanguka. Kiunzi kinachonesa kidogo kina faida zake.

Jiji lilipojijenga upya liliamua kufungua mtaa mpya wa waenda kwa miguu, New Cathedral Street, unaonyooka kuelekea Kanisa Kuu, na zile baa mbili zilikuwa njiani. Hapo ndipo uamuzi wa kuzihamisha ulipofanywa. Je, walikuwa na haki? Nasema walikuwa nayo. Wasingeihamisha wangeibakiza kwenye nini? Kwenye sinia la zege la miaka ya 1970, mlangoni pa duka jipya kubwa.

Ili nisionekane kwamba natetea kila uhamisho, chukua mfano wa kinyume. Karibu na Dudley kulikuwa na baa ya matofali iliyoitwa Crooked House, nyumba ya shambani ya mwaka 1765 iliyoinama upande kwa sababu migodi iliyochimbwa chini yake iliididimiza ardhi. Iliungua Agosti 2023 na ikabomolewa siku mbili baadaye bila kibali, na mwaka uliofuata mamlaka ya eneo ikaagiza ijengwe upya. Watu walikasirika, na walikuwa na sababu. Ile baa usanifu wake wote ulikuwa ardhi. Bila mgodi chini na mteremko wake, ni nyumba ya matofali kama elfu nyingine. Ukiipeleka mita 300 kwingine na kuiinamisha kwa makusudi, umetengeneza kichekesho. Old Wellington ni kinyume chake kabisa. Maana yake iko kwenye viungo, na viungo vilisafiri navyo. Mtu akitumia kipimo kimoja kwa nyumba zote mbili, hajaitazama hata moja.

Lakini mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe. Kuna mahali ambapo waliofanya kazi ya 1999 walikosea, na kosa lao ni la mpangilio, si la useremala.

Zamani Old Wellington na Sinclair's zilipangana mstari mmoja, bega kwa bega, zikitazama upande mmoja. Katika uwanja mpya zimewekwa kwa pembe mraba, kama herufi L, na kwenye kona zikaunganishwa kwa kipande kipya cha mawe. Matokeo yake ni kwamba zinakumbatia uwanja uliojaa meza za wanywaji. Panapendeza sana, hasa kukiwa na jua, na ndipo ninapopata shida. Nyumba ya mtaani ina uso mmoja, na uso huo unatazama mtaa. Ukizipinda nyumba mbili zitazamane kwenye kona, umezigeuza kuwa jukwaa. Kila neno lililonukuliwa ni sahihi, herufi kwa herufi, ila sentensi mbili zilizofuatana sasa zimewekwa zikabiliane kama vile ziliandikwa kujibizana. Mhariri wa maandiko ya kale akifanya hivyo tungemwandikia barua.

Na ule utokezo wa orofa za juu? Sasa unakifunika kipande cha uwanja ambacho hakikuhitaji kufunikwa. Hakuna njia chini yake, hakuna muuza vitambaa, na ng'ambo hakuna dirisha la jirani linaloweza kuguswa kwa mkono. Laiti wangeacha upande mmoja ukaribiane na ukuta mwingine kwa mita mbili tatu tu, mpita njia angeinua shingo na kuelewa mara moja kwa nini watu walijenga hivi. Walichagua nafasi ya meza. Naelewa hesabu zao, lakini siwapi alama.

Kile kipande cha mawe, kwa upande mwingine, mimi nakitetea. Wengine hawakipendi kwa kuwa hakifanani. Vizuri kwamba hakifanani! Kingejengwa kwa mbao nyeusi za kuigiza tungeanza kuishuku nyumba nzima. Kimekaa pale kama maelezo ya mhariri kwenye mabano: haya ni yangu, yale ni ya mwenyewe.

Maana kuigiza kumeshatokea hapa, na mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1897 orofa za juu zilikuwa na duka la zana za kuvulia samaki, na duka hilo lilijiita "Ye Olde Fyshing Tackle Shoppe". Wapenzi wa lugha mtafurahi: hilo "Ye" halikuwahi kutamkwa hivyo na mtu yeyote wa zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi yake ya sauti ya "th", na kadiri mwandiko ulivyobadilika ikaanza kufanana na "y". Wapiga chapa wakatumia "y" badala yake, na wasomaji wa baadaye wakaitamka kama walivyoiona. Ni kosa la kusoma lililogeuzwa nembo ya biashara. Hata ule weusi mkali wa mbao juu ya weupe mkali wa kuta, ambao leo ndio sura ya "Uingereza ya kale" kwenye kalenda na maboksi ya biskuti, kwa sehemu kubwa ulienea kwa mapenzi ya karne ya 19. Mwaloni ukiachwa wenyewe hugeuka kijivu kama fedha iliyochakaa. Kwa hiyo anayesema nyumba iligeuzwa pambo mwaka 1999 amechelewa miaka mia moja hivi.

Nimeacha mtu mmoja makusudi mpaka hapa. Ile familia ya wauza vitambaa ndiyo iliyomtoa John Byrom, na inasemwa alizaliwa ndani ya nyumba hii mwaka 1692. Alikuwa mshairi na mtu wa mambo mengi. Alibuni mfumo wa hati mkato, akaufundisha kwa malipo, na miongoni mwa walioutumia walikuwa ndugu John na Charles Wesley, waanzilishi wa Umethodisti. Aliandika wimbo wa Krismasi kama zawadi kwa binti yake mdogo, na hadi leo unaimbwa makanisani. Majina ya Tweedledum na Tweedledee, ambayo wengi tuliyakuta kwa Lewis Carroll, yalianzia kwenye shairi fupi linalohesabiwa kuwa lake, la kuwakejeli wanamuziki wawili waliokuwa wakigombania sifa huko London, Handel na Bononcini.

Mtu huyo aliyetaka maneno yaandikwe kwa mistari michache kadiri iwezekanavyo alikulia katika familia iliyomiliki nyumba ya kiunzi, ya aina ile ambayo maseremala huandikiana kwa mistari ya patasi. Sijengi nadharia juu ya hilo, ila nimelifurahia.

Vitabu vya Byrom vilitolewa kwa maktaba ya Chetham's mwaka 1870. Maktaba hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1653, iko upande wa pili wa Kanisa Kuu, na viti vyake vya kusomea bado vinapokea wageni. Nyumba ya familia yake ilipong'olewa soko la kale na kupelekwa kaskazini, zile mita 300 ziliisogeza upande wa vitabu hivyo. Ukitoka mlangoni pa Old Wellington na kulizunguka kanisa unafika kwa dakika chache tu, kwa miguu.